Msidharau Vineno Hivi Vidogo: Hotuba kwa Waongoza Watalii na Wahudumu wa Hoteli, Arusha

Wengi walikuwa porini na wageni siku niliyotoa hotuba hii, wakaniomba niiandike yote. Hii hapa, pamoja na maswali mawili yaliyofuata.

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, waongoza watalii, madereva, wapishi, wahudumu wa mapokezi na wa vyumba, nanyi wanafunzi wa vyuo vya utalii: itifaki imezingatiwa. Wakubwa zangu shikamooni. Wengine hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie Kiingereza cha kazini. Nimechagua kipande kimoja tu, kwa sababu ndicho kinachowasumbua wengi wenu na ndicho kinachofundishwa kwa haraka kuliko vyote. Nasema juu ya yale maneno ambayo Mwingereza anachukua kitenzi cha kawaida kabisa, "put", "take", "turn", "look", "get", anakifungia kineno nyuma, "up", "off", "out", "down", na maana inageuka. Shuleni tuliambiwa yanaitwa phrasal verbs.

Hebu niulize. Nani hapa hajui "look"? Ni kutazama. Nani hajui "after"? Ni baada ya. Haya, mgeni amesimama mapokezi anakwambia, "Please look after my bag." Utatazama nini, baada ya nini? Anakuomba umtunzie begi lake! Kila neno unalijua, sentensi huijui. Hapo ndipo penye taabu yote, na hapo ndipo nataka tukae leo.

Nianze na habari njema. Maneno haya mnayo tayari, tena mnayatumia kwa Kiswahili kila wiki. Nani hapa hajawahi kuchangia sendofu? Naona hakuna mkono. Sendofu ni "send off", kumuaga na kumsindikiza anayeondoka. Pikapu inayobeba mahema ni "pick up", kuchukua kitu pale kilipo. Mekapu ya bibi harusi, chekapu ya hospitali, bekapu ya simu, nokauti ya bondia, gari la brekidauni linalokuja kutuvuta njia ya Karatu ikiharibika: yote ni ya ukoo huo huo.

Kijana mmoja ninayemfahamu, mwongoza watalii, alikuwa akitazama mpira na wageni wake kambini. Beki akamkwatua mshambuliaji, mwamuzi akachomoa kadi nyekundu, mgeni akaruka kwenye kiti: "He's been sent off!" Kijana hakuwahi kufundishwa neno hilo kwa habari za mpira. Lakini alilijua la harusini, akaunganisha: mtu anaondoka, anaachana na wenzake, basi ametolewa uwanjani. Akawa sahihi kabisa. Nampa heko, kwa sababu alifanya kitu ambacho orodha ya vitabuni haikufundishi. Alianza na anachokijua, akatazama kinachotokea mbele yake, kisha akaamua maana.

Ila masikio yenu yachunge jambo moja. Kiswahili kikilimeza neno, hulipa mkazo wake, silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema sen-DO-fu, pi-KA-pu. Mwingereza akitaja sherehe au gari, mkazo ameuweka mwanzoni: SEND-off, PICK-up. Akitaja kitendo, mkazo unahamia kwenye kineno: they sent him OFF, pick it UP. Wengi mnalikosa neno mnalolijua kwa sababu tu limekuja na mkazo mwingine. Msikilize kineno. Mgeni anapokitamka kwa nguvu, anakwambia kuwa hicho ndicho chenye uzito.

Sasa tuingie penye maumivu.

Kuna kampuni moja ya safari, sitaitaja, iliyopokea simu kutoka kwa wakala wa Uingereza mwezi wa Julai. Mnajua Julai ilivyo, wageni wamejaa, chumba ndani ya hifadhi hupati hata ukilia. Wakala akasema: "They've put off the trip. I'll get back to you." Aliyepokea simu akaelewa kwamba safari imefutwa na kwamba wakala anarudi kwao. Akaachia vyumba, gari likapewa kundi lingine. Baada ya siku chache wakala akapiga tena kuuliza tarehe mpya, vyumba hakuna, gari hakuna. "Put off" ni kuahirisha. Kufuta ni "call off". Na "get back to you" ni nitakujibu, nitakupa taarifa. Hakuna anayerudi popote. Kati ya kuahirisha na kufuta pana "put" na "call" tu. Lakini pana pesa. Pana jina la kampuni. Pana mtu aliyeweka akiba miaka ili aone Ngorongoro!

Hayo ni ya pesa. Kuna ya uhai.

Ninyi wa Kilimanjaro, nisikilizeni vizuri. Mmelala Barafu, mmepita mita 4,600, saa tano usiku mnaanza kuelekea kilele cha mita 5,895. Mgeni wa Kiingereza hatakwambia "I vomited and I almost fainted". Hayo ni maneno ya daktari na ya kitabu. Atakwambia: "I threw up twice and I nearly passed out." Ametapika mara mbili na nusura azimie. Ukikosa vineno hivyo viwili, umekosa dalili za mtu ambaye urefu wa mlima umeanza kumshinda, na dawa yake mnaijua, ni kumshusha. Au atakwambia, "The headache hasn't worn off." Hasemi kuhusu nguo. "Wear off" ni maumivu au dawa kufifia taratibu mpaka kwisha. Maana yake kichwa bado kinamuuma, na dawa uliyompa haijasaidia.

Kisha unashika redio kutoa taarifa chini. "The client has passed out." Amezimia. "The client has passed away." Amefariki. Ni nani anataka kukosea hapo? Ni nani anataka familia iliyoko Manchester ipigiwe simu kwa kosa la kineno kimoja? Na wenye watoto waliopita JKT mnaijua maana ya tatu, paredi ya pass out, vijana wamehitimu. Hiyo si makosa yetu, tumeirithi kwa Waingereza, na wao bado wanaitumia jeshini. Lakini ukimwambia Mmarekani "my son passed out last week", atakupa pole na kuuliza hali ya mtoto.

Mnaweza kudhani ninakuza mambo. Basi nipeni nafasi niwaeleze ya Tenerife.

Ilikuwa tarehe 27 Machi 1977, katika kiwanja cha Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife, Hispania. Bomu lilikuwa limelipuka katika kiwanja cha Gran Canaria, ndege zikaelekezwa Los Rodeos, kiwanja kidogo, zikajaa mpaka zikaziba njia za pembeni. Ukungu ukashuka. Boeing 747 mbili, moja ya KLM na moja ya Pan Am, zikawa kwenye barabara moja ya kurukia, na hakuna anayemwona mwenzake. Mwongozaji wa mnarani akaipa KLM maelekezo ya njia ya angani, na ndani ya maelekezo hayo mlikuwa na neno "take-off", kwamba baada ya kuruka wakate kulia. Ilikuwa njia tu. Kibali cha kuruka kilikuwa bado. Rubani msaidizi, Mholanzi, akarudia maelekezo, akamalizia kwa maneno yanayosikika kama "We are now at take-off."

Tafakarini sentensi hiyo. Rubani alimaanisha tunaruka sasa, na ndege ilikuwa imeshaanza kukimbia. Mwongozaji, Mhispania, akaelewa tuko mahali pa kurukia, tunangoja. Akajibu "OK", halafu akaongeza wasubiri, atawaita. Sekunde hiyo hiyo Pan Am nao wakazungumza kusema bado wako barabarani, sauti zikagongana redioni, ukabaki mlio. Watu 583 walikufa. Hadi leo hakuna ajali ya ndege kugongana iliyoua wengi kuliko hiyo.

Sisemi neno peke yake ndilo lililoua. Kulikuwa na ukungu, kulikuwa na haraka, kulikuwa na redio kugongana, na kubwa kuliko yote, nahodha alianza kuondoka bila kibali. Lakini neno lilikuwemo. Ndiyo maana baada ya ajali ile utaratibu wa mawasiliano ya anga ulibadilishwa. Leo "take-off" hutamkwa wakati wa kutoa kibali chenyewe cha kuruka au kukifuta. Mengine yote huitwa "departure". Hata hapa KIA ndivyo wanavyosema.

Na angalieni jambo hili, ndilo lililonifanya niwaletee habari hii. Mholanzi na Mhispania, wote wawili, Kiingereza hakikuwa lugha ya mama. Je, wageni wetu ni Waingereza watupu? Tunao Wajerumani, Wafaransa, Waitaliano, Waholanzi, Wahispania. Wengi wao hawazijui phrasal verbs vizuri kuliko ninyi. Kwa hiyo nasema, na nitarudia: masikio kwanza, mdomo baadaye. Zielewe zote unapozisikia. Lakini ukizungumza na Mhispania, mwambie "cancel", mwambie "postpone", maneno yenye asili ya Kilatini ambayo hata kwao yana ndugu. Kusema "call off" mbele ya mtu asiyelijua si ufundi. Masikio kwanza, mdomo baadaye!

Mtaniuliza, mwalimu, mbona sisi tuliosoma Kiingereza tangu shule tunashindwa kuwasikia? Jibu liko mbali kidogo, mwaka 1066. Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza. Kwa muda mrefu wakubwa, mahakama na watawala wakatumia Kifaransa, kanisa na wasomi wakatumia Kilatini, na mwananchi akabaki na Kiingereza chake cha nyumbani. Lugha hizo zilipochanganyika, Kiingereza kikabaki na maneno mawili kwa jambo moja. La wasomi ni "postpone", la nyumbani "put off". La wasomi "tolerate", la nyumbani "put up with". La wasomi "investigate", la nyumbani "look into". La wasomi "extinguish", la nyumbani "put out".

Sisi tumefundishwa lipi? La wasomi! Mtoto wa Tanzania anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza, na Kiingereza anakutana nacho ndani ya kitabu cha biolojia na cha historia. Kitabu hakisemi "put out". Kwa hiyo anamaliza kidato cha nne anaweza kusoma barua ya wakili, lakini mgeni akimwambia jambo la kawaida kando ya moto, anaduwaa.

Na kando ya moto ndipo lilipotokea hili. Kambi moja, usiku, mgeni anakwenda kulala, anamwambia kijana wa zamu: "Could you put the fire out before you go?" Kijana yule alikuwa msikivu na mchapakazi. Akachukua koleo, akabeba vijinga kimoja kimoja, akaviweka nje ya duara la viti. Put, weka. Out, nje. Alifanya alichosikia, neno kwa neno, na makaa yakabaki yanawaka kwenye nyasi kavu hadi mlinzi alipoyaona. Angeambiwa "extinguish" angemwaga maji papo hapo, maana neno hilo analiona kila siku kwenye mtungi mwekundu ulioning'inia mlangoni. Kijana si mjinga. Alinyimwa nusu ya lugha.

Wala msidhani ni sisi tu. Mwaka 1755 Samuel Johnson alichapisha kamusi yake kubwa ya Kiingereza huko London. Katika dibaji alisema Kiingereza kina desturi ya kugeuza maana ya vitenzi kwa kuvifuatishia kineno, na kwamba hapo ndipo wageni wanapopata taabu kubwa kuliko kote. Akatoa mifano, "come off", "fall on", "break off". Akasema amezikusanya kwa uangalifu, lakini hathubutu kudai amezimaliza. Johnson mwenyewe hakuzimaliza! Na tangu hapo zimezaliwa nyingine, "log in", "sign up", "back up". Kwa hiyo anayewauzia kitabu cha kuzimaliza zote kwa wiki mbili, mwacheni na kitabu chake.

Basi tuzisome vipi?

Tuzisome kama tunavyojua Kiswahili chetu. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga magoti, tunapiga kura, tunapiga chenga. Binti mmoja wa kujitolea aliyekuwa akijifunza Kiswahili kwangu aliniuliza, "Mwalimu, mswaki umekosa nini hadi upigwe?" Nilimwambia alichukue lote zima, piga mswaki, asubuhi, bombani, na asiupasue. Baada ya muda akawa anasema bila kufikiri. Hivyo hivyo na nyinyi. "Put up with" msiipasue. Chukueni zima, ni kuvumilia. Na tuna zaidi ya hapo. Funga, fungua, fungia, fungana. Kitenzi ni kile kile, tumegeuza mkia tu, na mlango uliokuwa umefungwa ukawa wazi. Sisi mkia tunauunganisha ndani ya neno, wao wanauacha nje. Mzungumzaji wa Kiswahili ndiye mtu wa mwisho kuogopa jambo hili!

Lakini msizikariri kwa orodha. Kukariri "get in, get out, get on, get off, get over, get through" mfululizo ni kama kukariri vituo vya daladala bila kupanda daladala. Zichukueni mahali pa kazi zilipo. Dereva: unampokea mgeni asubuhi, "pick up". Mnaanza safari, "set off". Unapunguza mwendo, "slow down". Unasimama pembeni, "pull over". Gari linaharibika, "break down". Unamshusha hotelini, "drop off". Siku moja, maneno sita, na umeyafanya kwa mikono yako.

Na dereva, hapa nakuomba. Afrika Mashariki tuna mazoea ya kusema "I will pick you at six". Wenyewe tunaelewana. Mgeni atafahamu, lakini "pick you" kwake ni nitakuchagua. Sema "I'll pick you up at six". Kule tunakipunguza kineno, na kwingine tunakiongeza pasipotakiwa: "cope up with". Hakuna "up" hapo. Ni "cope with", basi. Tumeichanganya na "keep up with", ambayo ni kwenda sambamba na mtu.

Wa vyumba, lenu ni "turn down". Mgeni akisema "turn down the music", punguza sauti. Meneja akisema "they turned down our offer", wamekataa bei yetu. Na jioni mkiingia kukunja shuka la juu, kushusha chandarua na kuweka chupa ya maji, hiyo nayo ni turndown. Maana tatu, lakini mahali patatu. Ukijua uko wapi, hutababaika.

Kuna watakaowaambia kineno kina maana yake ya kudumu. Kuna ukweli fulani. "Up" mara nyingi ni kumaliza kabisa, "eat up", "drink up", "use up". "On" mara nyingi ni kuendelea, "carry on", "go on". "Off" mara nyingi ni kuachana na mahali. Vitumieni kama dokezo, msivitumie kama sheria. Maana "throw up" hamna kumaliza chochote.

La mwisho ni la mpangilio, nalo ni fupi. Unaweza kusema "turn off the light", unaweza kusema "turn the light off". Lakini ukishaweka "it", lazima ikae katikati: "turn it off". Usiseme "turn off it". Ila zipo zisizopasuliwa kamwe. "Look after him", hivyo tu, "him" haiingii katikati. Hizi utazijua kwa kuzisikia, na mnao wageni wa kuwasikiliza kila siku. Asanteni sana.

Maswali yalikuwa mengi. Naandika mawili.

Dereva mmoja aliuliza tofauti ya "fill in", "fill out" na "fill up". Nilimjibu kuwa mbili za kwanza ni za fomu. Mwingereza hupenda "fill in", Mmarekani hupenda "fill out", na fomu ni ile ile. "Fill up" ni ya tangi la mafuta, kulijaza mpaka juu.

Dada wa mapokezi aliuliza kama aandike phrasal verbs kwenye barua pepe za wateja. Nilimwambia kwenye mambo ya tarehe na pesa aandike "postpone" na "cancel", asiache mwanya. Lakini ipo moja ambayo barua yake haiwezi kuikwepa, "look forward to". Kitenzi kikifuata, lazima kiwe na "-ing": "We look forward to welcoming you", wala si "to welcome you". Aliinama palepale akairekebisha kwenye simu yake, kwenye barua aliyokuwa bado hajaituma.